Fritz Haber: Aliyetoa mkate hewani, kisha akatia sumu hewani

Leo tunamtupia jicho Fritz Haber, mwanakemia wa Kijerumani aliyefariki dunia mwaka 1934. Huenda jina lake halijulikani sana kwa baadhi yetu, lakini kazi yake imo ndani ya sahani ya ugali na ndani ya gunia la mbolea ya urea ambalo mkulima wa Mbeya au wa Kitale hulipia kwa tabu kila msimu. Huyu ndiye mtu aliyewapatia wanadamu njia ya kuchota chakula cha mimea kutoka hewani. Na ni yeye huyo huyo aliyesimamia kufunguliwa kwa mitungi ya gesi ya sumu katika vita vya kwanza vya dunia. Swali la iwapo mtu wa namna hii anastahili heshima au lawama lilizuka hapa hapa Stockholm mwaka 1920, alipokuja kupokea Tuzo ya Nobel, na hadi leo halijapata jibu moja.

Ili tumwelewe Haber, hatuna budi kwanza kuielewa naitrojeni. Sisi tunaoandika safu hii tunaishi Kista, kitongoji cha kaskazini magharibi mwa Stockholm ambacho wengi wanakijua kwa sababu ya ofisi za makampuni ya simu na kompyuta. Watoto wetu wanaosoma katika shule za hapa huiita naitrojeni kwa jina la Kiswidi, kväve, neno linalotokana na kitendo cha kukosesha pumzi. Jina hilo halikutolewa bure. Katika miaka ya 1770 mfamasia Carl Wilhelm Scheele, aliyewahi kufanya kazi Stockholm na Uppsala, aligundua kwamba hewa ina sehemu mbili kubwa: moja inayowezesha moto kuwaka na kiumbe kupumua, yaani oksijeni, na nyingine ambayo ndani yake mshumaa huzimika na panya hufa. Sehemu hii ya pili ndiyo naitrojeni, na ndiyo iliyo nyingi zaidi, kwani inachukua asilimia 78 ya hewa tunayovuta.

Ajabu ni kwamba kitu hiki kilichopewa jina la kukosesha pumzi ndicho ambacho bila yake hakuna uhai. Protini zote za mwili zimejengwa kwa asidi amino, na kila asidi amino ina naitrojeni ndani yake. Vinasaba vinavyomfanya mtoto afanane na wazazi wake vina naitrojeni. Himoglobini inayobeba oksijeni katika damu ina naitrojeni, na klorofili inayoyapa majani rangi ya kijani nayo vivyo hivyo. Mtu mzima wa kilo 70 amebeba karibu kilo mbili za naitrojeni mwilini mwake. Ndiyo maana mahindi yakikosa naitrojeni majani ya chini hugeuka manjano, na mtoto akikosa protini hupata utapiamlo na kuvimba miguu na uso.

Hapa ndipo penye fumbo. Tumezungukwa na bahari ya naitrojeni, lakini hatuwezi kuitumia. Chembe zake mbili hushikana kwa nguvu kubwa mno, na wala mmea wala mnyama hana uwezo wa kuzitenganisha. Ni sawa na baharia mwenye kiu aliyezungukwa na maji ya chumvi. Kwa mamilioni ya miaka kulikuwa na milango miwili tu ya kuingiza naitrojeni ya hewani katika uhai. Mlango wa kwanza ni radi, ambayo joto lake hukata kile kifungo na mvua ikaiteremsha naitrojeni ardhini. Mlango wa pili, ulio mkubwa zaidi, ni bakteria. Baadhi yao huishi huru katika udongo na maji, na wengine hufanya makazi katika mizizi ya mimea ya jamii ya kunde. Ukiing'oa karanga au kunde ukaikung'uta udongo, utaona vinundu vidogo kwenye mizizi. Ukipasua kinundu kilicho hai utakuta ndani yake rangi nyekundu au ya waridi. Humo ndimo bakteria wanapobadilisha naitrojeni ya hewa kuwa amonia, na mmea nao huwalipa kwa sukari.

Kutoka hapo safari inaendelea. Bakteria wengine wa udongoni hugeuza amonia kuwa nitrati, na mizizi ya mimea huinyonya. Mnyama hula mmea, na binadamu hula mmea na mnyama. Kinyesi, mkojo, majani yaliyooza na mizoga hurudisha naitrojeni ardhini, na wadudu wasioonekana kwa macho huivunja tena kuwa amonia. Hatimaye kuna kundi jingine la bakteria, wanaopenda sehemu zenye maji na zisizo na oksijeni, ambao huirudisha naitrojeni hewani kule ilikotoka. Huu ndio mzunguko wa naitrojeni. Wazee wetu hawakuujua kwa majina haya, lakini waliujua kwa matendo. Mfano mzuri ni Wakara wa kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Kwa kuwa ardhi yao ni ndogo na watu ni wengi, walifuga ng'ombe ndani ya nyumba ili wasipoteze samadi, na walipanda marejea pamoja na uwele ili baadaye wayafukie ardhini kama mbolea. Sayansi ya Ulaya ilikuja kueleza sababu ya jambo hilo katika miaka ya 1880, pale Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walipothibitisha kazi ya vile vinundu vya mizizi.

Mwishoni mwa karne ya 19 Ulaya ilikuwa katika wasiwasi. Watu walikuwa wakiongezeka mijini, na samadi haikutosha. Kwa muda mrefu nchi za Ulaya zilikuwa zimetegemea kinyesi cha ndege wa baharini kutoka visiwa vya Peru, na kilipopungua zikategemea shura, yaani chumvi ya nitrati, iliyochimbwa katika jangwa la Atacama nchini Chile. Mwaka 1898 mwanakemia wa Kiingereza William Crookes aliwatahadharisha wanasayansi wenzake mjini Bristol kwamba shura ya Chile itakwisha, na kwamba watu wanaokula ngano watakumbwa na njaa katika miongo michache kama kemia haitapata njia ya kuikamata naitrojeni ya hewani. Ni jambo la kuzingatia pia kwamba shura hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikitengenezea baruti. Mkate na risasi vilitoka katika gunia moja.

Fritz Haber alizaliwa tarehe 9 Desemba 1868 katika mji wa Breslau, ambao wakati ule ulikuwa wa Ujerumani na leo unaitwa Wrocław nchini Poland. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, na baba yake Siegfried alikuwa mfanyabiashara wa rangi na madawa ya viwandani. Mama yake, Paula, alifariki wiki tatu tu baada ya kumzaa. Uhusiano wake na baba yake ulikuwa mgumu tangu utotoni. Alisoma Berlin na Heidelberg, akapata shahada ya udaktari mwaka 1891. Katika Ujerumani ya zama zile Myahudi alikuta milango mingi ya vyuo vikuu na ya jeshi imefungwa au imerudishwa nusu, na mwaka 1892 kijana Haber alibatizwa na kuwa Mprotestanti. Alitaka kuwa Mjerumani kamili, na shauku hiyo haikumtoka mpaka siku Wajerumani wenyewe walipomkana.

Mwaka 1894 alipata kazi katika chuo cha ufundi cha Karlsruhe, na huko alijulikana kwa kufanya kazi usiku na mchana, hata afya yake ikatetereka. Mwaka 1901 alimuoa Clara Immerwahr, naye pia mzaliwa wa eneo la Breslau na mwanakemia. Clara alikuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Breslau, mwaka 1900. Mwaka 1902 walijaliwa mtoto wa kiume, Hermann. Wakati mume alipokuwa akipanda ngazi, mke mwenye elimu ile ile alibaki nyumbani akilea mtoto na kupokea wageni wa mumewe. Wasomaji wetu wa kike wanaoshikilia shahada zao kwenye kabati huku wakifanya kazi za nyumbani watalielewa jambo hili bila ya sisi kurefusha maneno.

Kazi kubwa ya Haber ilikuwa kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni ili kupata amonia. Tatizo lilikuwa hivi: ili kukivunja kile kifungo cha naitrojeni unahitaji joto kali, lakini joto likizidi sana amonia nayo huvunjika mara tu inapotokea. Haber, akisaidiwa na Robert Le Rossignol, fundi hodari kutoka kisiwa cha Jersey, aliamua kutumia mgandamizo mkubwa usiokuwa wa kawaida katika maabara za wakati ule, karibu mara 200 ya mgandamizo wa hewa, pamoja na joto la nyuzi zipatazo 550. Aliongeza pia kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko bila chenyewe kumalizika, na kwa kazi hiyo alitumia madini adimu ya osmiamu. Tarehe 2 Julai 1909 wataalamu wa kampuni ya BASF walisimama katika maabara ya Karlsruhe wakashuhudia amonia ikidondoka tone baada ya tone. Mlango wa tatu wa kuingiza naitrojeni katika uhai ulikuwa umefunguliwa, na safari hii na mkono wa binadamu.

Kazi ya kuyageuza matone yale kuwa kiwanda aliifanya Carl Bosch wa BASF. Osmiamu ilikuwa adimu mno kwa viwanda, hivyo Alwin Mittasch na wenzake walifanya maelfu ya majaribio wakitafuta kichocheo kingine. Hapa Sweden inaingia tena katika kisa chetu, kwani jiwe lililoleta matumaini lilikuwa jiwe la chuma lililotoka Gällivare, kaskazini ya mbali ya nchi hii. Walipochunguza waligundua kwamba siri ilikuwa katika chuma kilichochanganyika na kiasi kidogo cha vitu vingine, na hadi leo viwanda vingi vya amonia duniani hutumia kichocheo cha chuma cha aina hiyo. Mwezi Septemba 1913 kiwanda cha kwanza kilianza kazi Oppau, kando ya mto Rhine. Wakati huo Haber alikwisha hamia Berlin, akiwa mkurugenzi wa taasisi mpya ya kemia ya Kaiser Wilhelm katika kitongoji cha Dahlem.

Mwaka mmoja baadaye vita vilianza. Manowari za Uingereza ziliifungia Ujerumani njia ya bahari, na shura ya Chile haikuweza tena kufika. Bila nitrati jeshi la Ujerumani lingeishiwa na baruti, na wanahistoria wengi wanaona kwamba lisingeweza kupigana kwa muda mrefu. Amonia ya Haber na Bosch iligeuzwa kuwa asidi ya kutengenezea mabomu, na vita vikaendelea hadi Novemba 1918. Tusidhani kwamba jambo hili liliwahusu Wazungu peke yao. Vita hivyo vilipiganwa pia katika ardhi ya Tanganyika na kuvuka mipaka hadi Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Majina ya Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi ni ukumbusho wa kikosi hicho cha wapagazi. Kila mwezi uliozidi wa vita vya Ulaya ulikuwa mwezi mwingine wa mizigo kwa babu zetu.

Haber hakuridhika na kulipatia jeshi baruti. Alijitolea kutafuta silaha ya kuwatoa maadui ndani ya mahandaki, akaichagua klorini, gesi nzito kuliko hewa ambayo hutambaa chini na kuchoma mapafu. Mikataba ya The Hague ilikuwa tayari imepiga marufuku silaha za sumu. Jioni ya tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, askari wa Ujerumani walifungua maelfu ya mitungi, na zaidi ya tani 150 za klorini zikaelekea upande wa pili kama ukungu wa kijani na manjano. Haber mwenyewe alikuwa amesimamia matayarisho. Waliokuwa mbele ya ukungu huo ni askari wa Kifaransa, wakiwemo Waafrika kutoka Algeria, ambao hawakuwa na kinga yoyote. Haber alipandishwa cheo na kuwa kapteni.

Siku chache baadaye alirejea nyumbani Dahlem. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 1915, Clara alichukua bastola ya mumewe akajiua kwa risasi bustanini. Baadhi ya waandishi wanasema alifanya hivyo kupinga kazi ya gesi, na wengine wanataja ndoa iliyokuwa imevunjika moyo kwa miaka mingi. Sisi hatutadai kuyajua yaliyokuwa moyoni mwake. Lililo wazi ni kwamba Haber alimuacha mwanawe wa miaka 12 na msiba huo, akaondoka mara moja kwenda upande wa mashariki kuandaa shambulio jingine la gesi dhidi ya Warusi. Uingereza na Ufaransa nazo zilianza kutumia gesi, na inakadiriwa kwamba watu wapatao 90,000 walikufa kwa silaha hiyo katika vita hivyo.

Ujerumani iliposhindwa, Haber alihofia kushitakiwa kama mhalifu wa kivita, akakimbilia Uswisi kwa muda. Na hapo ndipo Novemba 1919 Chuo cha Sayansi cha Kifalme cha Sweden kilipotangaza kwamba Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1918, ambayo ilikuwa imewekwa kiporo, anapewa Fritz Haber kwa kutengeneza amonia. Malalamiko yalisikika hasa kutoka nchi zilizokuwa zimepigana na Ujerumani, kwani watu waliopofuka na kuharibika mapafu kwa gesi walikuwa bado wamelala hospitalini. Hata hivyo uamuzi haukubadilishwa. Mwezi Juni 1920 Haber alifika Stockholm, akapokea tuzo yake, akatoa mhadhara juu ya amonia na haja ya kuirudishia ardhi kile ambacho mavuno huiondolea. Waliompa tuzo walitazama mkate. Waliolalamika walitazama sumu. Kila upande ulikuwa ukisema kweli, na tuzo haikuwa na mahali pa kuandika kweli zote mbili.

Miaka iliyofuata haikumpa raha. Tarehe 21 Septemba 1921 ghala la mbolea katika kiwanda cha Oppau lililipuka na kuua zaidi ya watu 500. Ikumbukwe kwamba asili ya mlipuko wa bandari ya Beirut mwezi Agosti 2020 ilikuwa amonia nitrati iliyohifadhiwa vibaya. Haber aliitumia sehemu ya miaka ya 1920 kutafuta dhahabu katika maji ya bahari ili nchi yake ilipe fidia ya vita, akakuta dhahabu iliyomo ni kidogo mno isiyolipa hata gharama. Ndoa yake ya pili na Charlotte Nathan, aliyomzalia watoto wawili, ilivunjika mwaka 1927.

Kisha wakaja Wanazi. Mwezi Aprili 1933 ilipitishwa sheria ya kuwafukuza Wayahudi katika utumishi wa umma. Haber, kwa kuwa aliwahi kulitumikia jeshi, angeweza kubakia kwa muda, lakini alitakiwa kuwafukuza wafanyakazi wake wenye asili ya Kiyahudi. Tarehe 30 Aprili aliandika barua ya kujiuzulu. Ubatizo wa mwaka 1892, baruti za 1914 na cheo cha kapteni havikumsaidia kitu: machoni mwa watawala wapya alikuwa Myahudi tu. Aliondoka nchini mwake akiwa mgonjwa wa moyo, akakaa miezi michache Cambridge nchini Uingereza, nchi ambayo askari wake aliwahi kuwapelekea gesi. Alifariki katika hoteli mjini Basel, Uswisi, tarehe 29 Januari 1934, akiwa na umri wa miaka 65. Majivu ya Clara yaliletwa na kuzikwa pamoja naye. Mwaka mmoja baadaye Max Planck aliandaa kumbukumbu yake mjini Berlin, ingawa serikali iliwakataza maprofesa kuhudhuria.

Liko jambo jingine lililotokea baada ya kifo chake ambalo haliwezi kuachwa. Katika taasisi yake, mwanzoni mwa miaka ya 1920, wataalamu walishughulika na dawa za kuulia wadudu zenye sianidi, sumu ambayo nayo ina naitrojeni ndani yake, na ambayo aliyeigundua ni yule yule Scheele. Kutokana na kazi hiyo ilitokea dawa ya Zyklon B. Katika vita vya pili vya dunia Wanazi waliitumia kuwaua Wayahudi kwa halaiki katika kambi kama Auschwitz, na miongoni mwa waliouawa na utawala huo walikuwamo jamaa wa Haber mwenyewe. Mwanawe Hermann alijiua nchini Marekani mwaka 1946. Mwanawe mwingine, Ludwig, alikuja kuwa mwanahistoria, akaandika kitabu kizito juu ya vita vya gesi ambavyo baba yake aliviasisi.

Sasa tuutazame urithi wake katika zama zetu. Dunia hutengeneza takriban tani milioni 180 za amonia kwa mwaka, na sehemu kubwa ni ya mbolea. Wataalamu wanakadiria kwamba karibu nusu ya wanadamu walio hai wanakula chakula kisichoweza kupatikana bila mbolea hiyo. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya naitrojeni iliyomo katika misuli yetu imepitia kiwandani kabla ya kupitia shambani. Gunia moja la urea la kilo 50 lina kilo 23 za naitrojeni. Haidrojeni ya kuitengenezea hutoka zaidi katika gesi asilia, na ndiyo sababu mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipopandisha bei ya gesi, mkulima wa Songea na wa Eldoret alikuta bei ya mbolea imeruka, mpaka serikali za Tanzania na Kenya zikalazimika kutoa ruzuku.

Lakini naitrojeni iliyozidi haikai shambani. Mvua huisomba na kuipeleka mitoni na maziwani, na huko hulisha mwani na magugu hadi oksijeni ya majini ikaisha na samaki wakafa. Hapa kwetu, kijito cha Igelbäcken hupita katika uwanda wa Järva, kati ya Kista na Husby upande mmoja na Rinkeby na Tensta upande wa pili, kisha humwaga maji yake katika ghuba ya Edsviken ambayo ni mlango wa Bahari ya Baltiki. Bahari hiyo ni miongoni mwa bahari zilizoathirika sana: wakati wa kiangazi mwani hutanda hadi unaonekana kutoka angani, na sehemu kubwa za sakafu yake hazina oksijeni. Wenzetu wa Kisumu, Mwanza na Entebbe wanayajua mambo haya kwa jina la magugu maji ya Ziwa Victoria, yanayonawirishwa na naitrojeni na fosforasi zinazotoka mashambani na mijini. Sehemu nyingine ya naitrojeni hupanda angani kama gesi ambayo uwezo wake wa kuongeza joto la dunia ni mkubwa kuliko wa kaboni dioksidi kwa zaidi ya mara 250.

Wakati sehemu moja ya dunia inaumwa kwa kushiba naitrojeni, sehemu nyingine inaumwa kwa kuikosa. Mwezi Juni 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaazimia kupandisha matumizi ya mbolea kutoka wastani wa kilo 8 kwa hekta hadi kilo 50 ifikapo mwaka 2015. Mwaka huo ulipita bila lengo kufikiwa. Katika mashamba mengi ya Afrika Mashariki mavuno huondoa naitrojeni nyingi kuliko inayorudishwa, na ardhi inachoka kama ng'ombe anayekamuliwa bila kulishwa.

Kwa mtazamo wetu, njia ya kati ipo, na nusu yake tunayo wenyewe. Mbolea ya kiwandani itumike kwa kipimo na kwa wakati, isimwagwe ovyo. Samadi isipotee. Na ile milango ya kale ya uhai isifungwe: karanga, kunde, mbaazi, choroko na soya zichanganywe au zibadilishane na mahindi. Maharage ya kawaida nayo husaidia, ingawa ni dhaifu zaidi katika kazi hii. Nchini Kenya, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi walitengeneza unga wa bakteria wa mizizi uitwao Biofix, ambao mkulima huupaka kwenye mbegu kabla ya kupanda, kwa gharama ndogo kuliko ya gunia la mbolea. Bakteria hao hufanya katika joto la kawaida la udongo kazi ile ile ambayo Haber aliifanya kwa nyuzi 550 na mitambo ya chuma.

Tukirudi kwa Haber mwenyewe, wako wanaosema aliokoa watu wengi kuliko aliowaua, na kwamba hesabu imekwisha. Sisi hatuoni kwamba roho za watu hujumlishwa na kutolewa kama fedha dukani. Mtu wa Ypres aliyekosa pumzi hakufidiwa na mkate wa mtu mwingine. Vile vile mtoto anayeshiba leo kwa sababu ya mbolea hana dhambi ya kujibu. Lililo sahihi zaidi, kwa maoni yetu, ni kuyataja yote mawili kila jina lake linapotajwa. Haber aliipa nchi yake kila alichokuwa nacho, akili, dini, ndoa na dhamiri, bila kuiuliza inakwenda kuvifanyia nini. Kijana wetu anayesomea sayansi au kompyuta katika vyuo vya hapa Kista, au kule Morogoro na Juja, ana haki ya kuuliza swali hilo mapema, kabla hajakabidhi kazi ya mikono yake.